Dole Gumba la Mheshimiwa Fungameza

Maneno haya nimeyapata kwa wifi yangu Mwanaheri, siku tulipokaa uani kuchambua mchele wa arusi ya mjukuu wake, mwaka ule mvua zilipogoma kukatika. Yeye aliwahi kuuza mikeka katika nchi za watu, na katika nchi moja alikaa misimu miwili. Jina lake hakunitajia, nami sikumdai. Majina ya nchi yana masikio. Alinihakikishia tu kwamba ni nchi nzuri, bendera yake ndefu kuliko za jirani zote, na watu wake wana adabu mno. Adabu hiyo ndiyo iliyoyaleta yote.

Basi huko alikuwako mama mmoja akiitwa Siwatu, kazi yake kushona magunia yaliyochanika kwenye soko la nafaka. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumwita mama, binti, jina lake Chiku, aliyekuwa ndio kwanza ameota meno ya mbele ya pili. Asubuhi moja mbwa asiye na mwenyewe, anatoka udenda na kwenda upande upande, alimng'ata Chiku kwenye shavu la mguu.

Siwatu alifanya kama alivyofundishwa na mama yake. Aliliosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, akaliosha tena mtoto akipiga kelele, kisha akamtia mgongoni, mbio mpaka hospitali ya wilaya.

Nesi wa zamu, Sista Yustina, alilitazama jeraha, akauliza, "Mbwa mwenyewe yuko wapi?"

"Amekufa, sista. Hakupigwa na mtu. Ameanguka tu pale njia panda."

Sista alilifunika jeraha kwa pamba. "Huyo alikuwa na kichaa," akasema. "Mtoto anataka chanjo. Moja leo hii, halafu nyingine tatu kwa kupishana siku. Ikikosekana, na ugonjwa ukianza, mama, sitakuficha, hapo hakuna dawa tena. Hapo ni kumshika mkono tu."

"Chanjo ipo?"

"Ipo."

Akawapeleka stoo. Ndani ya friji kubwa jeupe, nyuma ya kioo, vichupa vimejipanga kama watoto wa shule mstarini. Pembeni amesimama Koplo Masumbuko na bunduki yake, analinda. Siwatu alishusha pumzi, akamshusha na mtoto, akakinga mikono miwili kama anayepokea sadaka. Lakini sista hakutia mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Alisimama anavitazama vile vichupa kama mtu anayetazama picha ya ndugu walio mbali.

"Fungua basi, sista."

"Ufunguo ulikuwa zamani, mama. Siku hizi kuna Mfumo."

*

Huo Mfumo ulikuja hivi.

Zamani ufunguo wa dawa ulining'inia shingoni mwa nesi kwa uzi wa kiatu, na mgonjwa akija anafunguliwa. Wakubwa waliliona jambo hilo wakahuzunika sana. Nchi zote zenye maana zina mfumo kwenye kompyuta, walisema, sisi tuna uzi wa kiatu! Ikaundwa Kamati Tukufu ya Kuuchagua Mfumo wa Shirika la Dawa. Ilikuwa na wajumbe wengi wa kila aina, ila nesi hakuwamo hata mmoja, kwa kuwa manesi walikuwa kazini.

Wauzaji watatu wakaja. Wa kwanza alifungua kompyuta yake papo hapo, akawaonyesha mfumo wake ukifanya kazi. Kamati ikamwona hana staha, maana kitu cha thamani hakianikwi siku ya kwanza. Wa pili akauliza, "Ninyi kazi zenu mnazifanyaje, ili nijue mfumo gani utawafaa?" Mwenyekiti alikasirika mpaka miwani ikaingia ukungu. "Mgeni gani huyu, anaingia kwa watu anaanza kufunua vyungu?" Wa tatu hakuonyesha kitu wala hakuuliza kitu. Aliwaamkia wajumbe mmoja mmoja kwa vyeo vyao vyote, hakuruka hata kimoja, akawavisha kofia mpya, akakaa. Kura zote zikamwendea yeye.

"Mtu huyu ametulia," Mwenyekiti aliwaambia wananchi redioni. "Bila shaka na mfumo wake umetulia."

Kisha kila mkubwa akataka aongezewe chake. Waziri wa Utamaduni alitaka Mfumo ukifunguliwa upige wimbo wa taifa. Watu wa itifaki walitaka umtaje mtu kwa heshima zake zote. Watu wa usalama walitaka usimwamini mtu yeyote ila kwa dole gumba, na friji liteme kichupa kimoja tu kwa kila dole, kupitia kidirisha kitakachokuwa wazi kwa muda wa wimbo, wimbo ukiisha kijifunge. Sasa katika nchi hiyo wimbo wa taifa ukipigwa ni marufuku kutikisika, hata nzi akikutua puani. Hakuna aliyelikumbuka hilo. Au walilikumbuka, wakaona haya kulisema mbele ya Waziri.

Waziri akatangaza pia kwamba chuma cha friji hilo, pamoja na kioo chake, havivunjwi hata kwa mzinga, na atakayejaribu atakaa gerezani mpaka ajisahau jina. Watu wakapiga makofi kwa kuwa na friji madhubuti namna hiyo.

Ukaja mkataba, mnene kama tofali. Kwa watu hao, kusoma karatasi ya mgeni mbele ya mgeni ni sawa na kuhesabu vijiko naye bado yuko mezani. Wakautia sahihi juu ya jalada, haujafunguliwa, wakamsindikiza mgeni kwa ngoma. Mle ndani iliandikwa kwamba Mfumo hawakuununua. Walichonunua ni nafasi za kuingilia. Kila nafasi na mtu wake, wala mtu hatoki kwenye nafasi yake ila kwa dole gumba lake mwenyewe.

Nafasi zenyewe waligawana kama wanavyogawana ng'ombe wa sherehe huko kwao. Ini la mkubwa, nundu ya anayemfuata, mbavu za wageni wa heshima, na wale waliochinja, wakachuna, wakatafuta kuni, hupewa kwato wakachemshe. Basi nafasi zilianzia Ikulu, zikapita kwa mawaziri na wake wa mawaziri, na majemadari waliokwisha kustaafu, na kila wilaya ikaambulia moja, akapewa aliye mkubwa kuliko wote. Manesi walipata kwato, yaani nafasi za kutazama tu.

Wilaya ya kina Siwatu aliyekuwa mkubwa ni Mheshimiwa Fungameza, Mkurugenzi wa Dawa.

"Yuko wapi nikampigie magoti?" Siwatu aliuliza.

Sista Yustina akatazama chini. "Yuko mochwari."

"Amekwenda kukagua?"

"Amekufa, mama. Tangu karamu ya kuuzindua Mfumo. Alikabwa na ini."

*

Kulikuwa na Dawati la Msaada, na kwenye dawati alikaa Afisa Mfumo, Bwana Ladislaus, kijana mwenye tai na feni yake mwenyewe.

"Mama, tatizo lako ni muhimu sana kwetu," alisema kabla Siwatu hajafungua kinywa.

"Mwanangu ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa, baba."

"Pole. Tatizo limepokewa, limewekwa daraja la Kawaida."

"Kawaida?"

"Daraja la Dharura hufunguliwa na mwenye nafasi."

"Si amekufa?"

"Ndiyo maana nimeliweka Kawaida."

Siwatu alimhamisha Chiku bega la kushoto. Mtoto alikuwa amechoka kulia, anakwikwia tu. "Baba, si umtoe basi marehemu, uingie wewe, au sista?"

Bwana Ladislaus aliizima feni, kwa uzito wa neno lenyewe. "Nimfute Mheshimiwa? Mama, kwenu mtu akifa mnagawana vyombo vyake kabla ya tanga? Hapa hatumfuti mtu. Na hata ningekuwa sina adabu, anayetoka lazima aweke dole." Akaigeuza skrini imwelekee. Majina yalishuka kama mvua, kila moja na kitone cha kijani mbele yake. "Tazama. Wote hawa wako kazini. Huyu nilishika jeneza lake mimi mwenyewe. Huyu alizama. Huyu alizikwa mara mbili, kwa mkewe mkubwa na kwa mkewe mdogo."

"Kumbe Mfumo umejaa maiti."

"Umejaa waheshimiwa, mama. Chunga ulimi."

"Wilaya ya jirani je?"

"Wa jirani yu hai, tunamshukuru Mungu. Ila yuko ng'ambo, semina ya namna ya kuutumia Mfumo. Dole ameondoka nalo." Kisha akamhurumia, maana hakuwa na roho mbaya, alikuwa na kazi tu. "Kitu kimoja naweza kukufanyia. Nitakupa nafasi ya kutazama."

Akabonyeza, akabonyeza, akamsogezea. Siwatu aliona picha ya kichupa, na maneno chini yake: *Chanjo ya kichaa cha mbwa. Ipo. Hali: nzuri sana.*

"Mtu mwenye njaa ukimwonyesha sahani, baba, anashiba?"

"Hashibi," alisema Bwana Ladislaus. "Lakini anapata matumaini. Sasa mama, bila dole la Mheshimiwa hakuna njia, wewe nenda nyumbani ukamwombe Mungu."

"Dole lenyewe liko wapi?"

"Si mkononi mwake?"

Alipogundua alichokisema, Siwatu alikwisha kutoka.

*

Nje ya mochwari, kwenye benchi, alikaa Bi Kilua, mjane wa Mheshimiwa. Alikaa hapo kila siku na chupa yake ya chai, kwa sababu mumewe alikuwa hazikiki. Kibali cha mazishi kilitoka kwenye Mfumo, na wa kukitoa ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi ndiye aliyelala mle ndani kwenye droo ya baridi. Walikuwa wakimsubiri ajiruhusu.

Siwatu alianza kupiga magoti, Bi Kilua akamzuia. "Hebu keti, mwanangu. Umebeba mtoto. Sema."

Akasema. Sista Yustina alikuwa amewafuata na kishikwambi, ile kompyuta bapa ya mkononi ya kutazamia Mfumo, amekificha chini ya aproni, hakuthubutu kumtazama mjane usoni.

Bi Kilua alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kicheko kikavu. "Alipokuwa hai alitafutwa nchi nzima. Ukienda ofisini unaambiwa ametoka kidogo. Koti liko kwenye kiti, mwenyewe hayupo! Leo ndio kwanza anatafutwa na yupo. Ingieni."

Mle ndani baridi ilimfanya Chiku ajikunyate shingoni mwa mama yake. Sista alilishika dole gumba la Mheshimiwa, akaligusisha kwenye kishikwambi. Kikaandika: *Dole halikutambuliwa. Mheshimiwa, tafadhali tulia.*

"Atulie mara ngapi?" alisema Bi Kilua.

"Ni baridi, bibi. Mashine inataka joto la mtu."

Bi Kilua alifungua chupa yake ya chai, akachovya pembe ya kanga, akalifunika lile dole kwa mikono yake miwili, akalishikilia hivyo muda, midomo inacheza bila sauti. Alipolitoa, sista akaligusisha tena.

*Karibu tena, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Fungameza, Nyota ya Pili ya Taifa, Mlezi wa Wanamichezo! Tumekukosa. Unajisikiaje leo?* Majibu yalikuwa mawili: *Vizuri* na *Vizuri sana*. Sista alibonyeza *Vizuri*.

Ukapigwa wimbo wa taifa. Nao wote watatu, kwa mazoea ya tangu utotoni, wakasimama wima kama nguzo mbele ya maiti, mikono ubavuni. Ubeti wa kwanza ulikuwa unakwisha ndipo Bi Kilua alipozindukana.

"Kimbieni, wajinga ninyi! Mimi nitawasimamia!"

Wakakimbia. Kosa la kukimbia wimbo ukiwa hewani ni kubwa katika nchi hiyo, na walilitenda uwanja mzima wa hospitali, wagonjwa wakiwaona huku wamesimama wima kwenye magongo. Huko stoo kidirisha kilikuwa wazi, kichupa kimoja kimejitokeza. Koplo Masumbuko amepiga saluti, macho ameyafumba kabisa.

"Koplo, tunapita," alisema sista, anahema.

"Mzalendo wa kweli hufumba macho," alisema Koplo kwa pembe ya mdomo. "Pita haraka, umebaki ubeti mmoja."

Chiku alichomwa sindano ya kwanza pale pale.

Waliporudi kumrejesha Mheshimiwa kwenye droo, kishikwambi kilikuwa bado kimemkubali. Sista Yustina alikitazama, akabadilika uso. "Bi Kilua. Kuna kibali chake hapa. Cha mazishi. Kinasubiri idhini yake."

"Dole lake likigusa hapo?"

"Mtamzika kesho."

Siwatu alikuwa na la kusema, lakini angelisemaje? Yule mama amekaa kwenye benchi hilo misimu, jamaa wamekuja na kurudi, tanga limeanuliwa bila kaburi. Alichofanya ni kuushika tu unyayo wa mwanawe, akaufumbata.

Bi Kilua aliuliza bila kumtazama, "Zimebaki ngapi?"

"Tatu, bibi."

Mjane akaurudisha ule mkono chini ya shuka, akausawazisha. "Atazikwa zikitimia," akasema. "Maisha yake yote hakufanya kazi wiki nzima mfululizo. Acha afanye."

*

Mfumo ulikuwa na hesabu zake. Sindano ya pili haikutoka mpaka siku yake ifike. Siku ilipofika wakaipata, na ya tatu wakaipata. Lakini jambo la namna hiyo halifichiki. Alikuja mwenye pumu anapigana na pumzi. Akaja mama aliyejifungua, damu haikatiki. Bi Kilua hakumrudisha mtu. Alikaa ndani ya ile baridi amejifunga kanga mbili, anachovya, analipasha dole moto, na Mheshimiwa anajisikia vizuri, na Koplo anafumba macho mpaka yakaanza kumuuma.

"Jamani huyu baba ana huruma," watu walisema kwenye foleni. "Amebadilika sana."

Kule Makao Makuu waliona maajabu kwenye skrini. Katika nafasi zote za nchi, moja tu ilikuwa ikitoa dawa. Wakaitana, wakakaa kikao, wakala, na siku moja kabla ya sindano ya nne ya Chiku yakaingia magari meusi hospitalini, ving'ora vinalia, na Mjumbe Maalumu akashuka na karatasi ya kusoma.

Aliisoma mochwari, mbele ya droo, amevua kofia. "Mheshimiwa Fungameza! Kwa utumishi wako uliotukuka, usiochoka, usiolalamika, usioomba likizo, taifa limeona mbali. Kuanzia leo wewe ni Mkurugenzi Mkuu wa Dawa wa nchi nzima. Utaripoti Makao Makuu mara moja."

"Amekufa," alisema Bi Kilua.

"Mfumo unasema yuko kazini, mama."

"Mguse."

"Sina cheo cha kumgusa." Mjumbe akainama kidogo kuelekea droo, akangoja jibu, kisha akawageukia wenzake ameridhika. "Mnaona? Hana maneno mengi. Viongozi wa namna hii tumebaki nao wachache."

Siwatu alijirusha miguuni pake. "Baba, mkopeshe mpaka kesho! Kesho tu, mwanangu amebakiza sindano moja!"

"Nafasi humfuata mwenyewe, mama. Wilaya itafikiriwa kwenye ununuzi ujao."

Wakamvika suti. Wakamkalisha kiti cha nyuma, wakamfunga mkanda, na dirisha wakaliteremsha ili awapungie wananchi akipenda. Bi Kilua alikimbia nyuma ya magari mpaka kiatu kimoja kikamtoka, akakaa chini barabarani, katikati ya vumbi. Siwatu ndiye aliyekwenda kumnyanyua.

*

Asubuhi ya sindano ya nne Chiku alikataa uji.

"Kwa nini, mama?"

"Koo linauma."

Siwatu alikwisha kusikia kwamba kichaa cha mbwa hukaba koo. Hakuuliza la pili. Alimbeba, akapita kwanza kwa Bwana Ladislaus, maana hata anayezama hushika unyasi.

"Mama Chiku! Hongera," alisema Bwana Ladislaus. "Tatizo lako limefungwa."

"Limefungwaje?"

"Umehudumiwa mara tatu katika nne. Hiyo ni alama ya juu mno. Hakuna wilaya iliyofika hapo. Mwanao amefaulu."

Siwatu alimwonea huruma mama aliyemzaa kijana yule. Akatoka, akapita jikoni kwa wapishi wa hospitali, akauchukua mchi wa kutwangia, hakuomba. Mbele ya stoo aliwakuta Sista Yustina na Bi Kilua. Walikuwa wameketi kizingitini, hawana kazi.

"Sista, nikifungwa utamlea?"

Sista aliuona mchi, akasimama. "Mama Chiku, chuma kile hakivunjiki. Waziri mwenyewe alisema. Utafungwa bure na mtoto—"

"Sijakuuliza hilo."

Machozi yalimjaa sista. "Nitamlea."

Koplo Masumbuko alikwisha kuishika bunduki. "Dada yangu, usinifanyie hivi. Mimi nina watoto. Ukinyanyua huo mchi ninalazimika."

"Lazimika, kaka yangu."

Ndipo Bi Kilua, na kiatu chake kimoja, alipoanza kuimba. Sauti yake ilikuwa imepasuka kwa kilio cha jana, na wimbo wenyewe ulikuwa wa taifa. Koplo alishtuka, akamtazama kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Akaweka bunduki begani, visigino pamoja, akapiga saluti. Akayafumba macho kwa nguvu mpaka yakatoka maji.

Siwatu aliunyanyua mchi kwa ile mikono yake ya magunia, akapiga.

Pigo lilikuwa moja. Mlango ulifunguka ukabembea. Haukuwa chuma, ulikuwa bati lililopakwa rangi, na kilichoushika muda wote ule ni sumaku ndogo, haizidi kifungo cha shati. Ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha Koplo, ikasimama hapo.

Bi Kilua aliacha kuimba katikati ya ubeti.

Sista Yustina alichukua kichupa, akavuta dawa, akamchoma mtoto. Alipokwisha kuiweka sindano chini, ndipo alipoketi sakafuni, akaiokota ile sumaku, akaitia kiganjani.

"Pigo moja," akasema.

*

Koplo Masumbuko aliwakamata wote watatu kama sheria itakavyo, akaenda kituoni kuliandikisha kosa. Alirudi mchana amechoka. Makosa nayo huandikwa kwenye Mfumo, na nafasi ya kuyaandika ni ya Kamanda, na Kamanda ameteuliwa kwenye kamati ya kuchagua mfumo mwingine ulio mkubwa zaidi.

"Basi mko chini ya ulinzi mpaka nafasi ipatikane," alisema. "Mkae hapa hapa, msiniaibishe." Akaketi mlangoni mwa wodi, bunduki kati ya magoti, na kidevu kikamwangukia kifuani.

Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani. Chiku alikuwa amelala kitandani. Kama koo lake liliuma kwa kulia tu, au kwa lile jingine, hakuna aliyeweza kujua siku hiyo, na wa kuulizwa hakuwapo. Bi Kilua alijilaza kwenye mkeka, akageukia ukutani. Alisema kidogo kuhusu suti waliyomvika mumewe, kwamba ile hakuipenda hata siku moja, kisha usingizi ukamchukua.

Siwatu alikuwa macho, mgongo kwenye kitanda, mkono juu ya kifua cha mwanawe. Kando yake Sista Yustina alikuwa akinong'ona. Mwanzo Siwatu alidhani anasali.

"Mtoto wa Nyangoma, yule wa degedege. Mzee Kihombo aliyetoka kwao na mkokoteni. Mwalimu Hababuu. Mke wa fundi baiskeli, na kichanga. Wote niliwasimamisha pale kwenye kioo, nikawaonyesha. Nikawaambia chuma kile hakivunjiki, warudi nyumbani. Msichana wa kinu cha unga. Yule mgeni ambaye hakuwa na mtu, aliniita mama..."

Siwatu alitaka kumwambia, hukujua. Lakini na yeye alikuwa amekaa mbele ya kioo kile, na yeye aliamini. Akausogeza mkono wake mwingine tu, akaushika wa sista, na ile sumaku ikawa katikati ya viganja vyao.

Majina yaliendelea. Yakawa mafupi, yakawa mazito, yakaanza kupoteza herufi. "Kaka yake Mwanakombo," alisema sista, "na yule... yule wa..." Kichwa kikamlalia begani Siwatu.

Siwatu alingoja jina limalizike. Alilingojea huku kifua cha mtoto kinapanda na kushuka chini ya kiganja chake, kinapanda, kinashuka, na kope zake zenyewe zinazidi uzito. Na jina lilikuwa bado halijasemwa alipolala na yeye.